Mwewe Aliyenyakua Meno Yangu

Meno yangu ya bandia yalichukuliwa na mwewe. Ilikuwa wiki ile tuliyohamia nyumba mpya. Nilikuwa nimesimama kando ya bwawa la kuogelea nikicheka peke yangu kwa furaha, mdomo wazi, ndege akashuka, akayanyakua, akapaa nayo kuelekea Ngong. Hivyo ndivyo nilivyomweleza Hannah, mke wangu, na hivyo ndivyo nilivyowaeleza majirani, na kila nilipoeleza, mwewe alizidi kunenepa.

Nyumba yenyewe ni kuukuu, iko Riruta, ndani kidogo ukitoka Naivasha Road. Tuliinunua kwa kiinua mgongo changu, ikaja na bwawa jinsi mbwa anavyokuja na viroboto. Mimi nililipenda papo hapo. Hannah aliona shamba la magimbi.

"Baba Shiko, hapa ni mahali pa nduma. Maji yapo, kivuli kipo. Tunajaza udongo, basi."

"Nduma kwa swimming? Watu watasema nini?"

"Watasema tunakula."

Tukapatana hivi: mvua zikianza, dada yake Wahu angeleta miche kutoka Githunguri. Siku hiyo Hannah angetupa kijiko bwawani. Akikiona kimelala chini, bwawa libaki. Asipokiona, toroli za udongo ziingie.

Sikuwa na wasiwasi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza redio na kunyoa nywele, tena za maaskofu, hawezi kushindwa na maji. Nikaanza na ukaguzi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na pampu, na ubavuni mwake pipa kubwa la plastiki lililofungwa kwa skrubu. Nikafungua. Ndani kulikuwa na mchanga. Juu ulikuwa na uchafu kidogo, lakini chini yake punje zilikuwa sawasawa, kana kwamba zimechekechwa na malaika. Nikajua tu: mwenye nyumba wa zamani alikuwa akiwaficha mafundi mchanga wake, kisha akausahau.

Wakati huo Odhiambo, fundi wa mawe, alikuwa akinijengea banda la kuku. Nikampelekea mchanga wote, nikalifunga pipa likiwa tupu.

"Mzee, hii mchanga umetoa wapi?" akauliza, akiupitisha vidoleni.

"Nina watu wangu Machakos."

"Basi hao watu usiwaachilie. Hii banda itakuwa smart kuliko nyumba yako."

Na kweli, kuku wangu wakapigiwa plasta laini kama ya benki.

Nikarudi kwa bwawa. Nilimwaga klorini, nikasugua kuta kwa brashi, nikaopoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu, nikawasha pampu asubuhi na kuizima jioni. Maji yakabaki ya kijani, rangi ya mukimo. Nikisugua, vumbi la kijani linainuka, linaingia kwenye bomba, linazunguka, linatokea upande wa pili na kutulia palepale. Chura mmoja alihamia pale bomba linapotema maji, akawa anakaa hapo kutwa akikandwa mgongo.

"Chura wako ameamkaje?" Hannah alikuwa akiniuliza akipita na karai la nguo.

"Salama. Anakusalimia."

"Mwambie Wahu ameng'oa miche."

Mawingu yakaanza kujaa upande wa Ngong. Asubuhi hiyo hata uongo haukunijia vizuri. Hannah akanimiminia chai, nikapiga funda, mdomo ukajaa majani.

"Mama Shiko, hii chai hujachuja?"

"Nimechuja, lakini chujio limetoboka. Hata ukichuja mpaka kesho, kinachoingia ndicho kinachotoka."

Nikaweka kikombe chini. Nikaitazama pampu. Nikalitazama pipa. Kisha nikalitazama banda la kuku, jinsi lilivyokuwa likimeremeta.

Sikumaliza chai. Nilienda moja kwa moja hadi Parklands, kwa duka moja la vifaa vya mabwawa. Joyline, msichana wa dukani, akanisikiliza kwa adabu, kama mjukuu kwa babu yake.

"Na mchanga wa kwanza ulienda wapi, guka?"

"Unalala na kuku."

Akainama chini ya kaunta kutafuta kitu, na akakitafuta kwa muda mrefu mabega yakimtikisika.

Hannah alipoona nashusha magunia ya mchanga akasimama mlangoni. "Unajenga nini tena?"

"Chujio," nikasema.

Nikajaza pipa, nikafunga skrubu, nikawasha pampu. Safari hii uchafu ulioingia pipani ulibaki humo. Maji yakapauka, yakawa samawati. Chura akahama bila kuaga.

Wahu alifika na gunia la miche, matone ya kwanza yakianza kudondoka. Hannah akachukua kijiko cha jikoni, akakirusha katikati, akainama ukingoni. Akachungulia sana, hata nikaanza kuhesabu toroli za udongo.

"Nakiona," akasema.

"Si nilikwambia."

"Kijiko nakiona. Na kando ya kijiko naona meno."

Nikachungulia. Yalikuwa pale, safu nzima, yakinichekea kutoka chini.

"Shemeji," Wahu akasema polepole, "si ulituambia ni mwewe?"

"Mwewe ni ndege mwaminifu," nikamjibu. "Ameona maji ni safi, amerudisha."

Hannah akacheka mpaka akakalia gunia la nduma. Alipopata pumzi akajipangusa macho kwa leso.

"Wahu, hizo tutapanda kule maji ya jikoni yanapomwagika. Hili bwawa halifukiwi. Miaka yote nimetafuta kitu cha kunionyesha ukweli wa huyu mzee."

Nikachukua wavu, nikayaopoa meno, nikayavaa. Klorini ilikuwa imeyang'arisha ajabu.

"Heri huyo mwewe," akasema Wahu. "Amekupigia na mswaki."