Kuku Aliyebaki Nje

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na anayetaka kucheka naomba asubiri nimalize. Mimi si mtu wa ndoto. Mimi ni Kilua wa Ngamiani, mwenye kibanda cha gemu jirani na mafundi cherehani, na katika gemu ya mpira mtaa huu bado haujazaa mtu wa kunifunga. Sisemi kwa majivuno. Ulizeni, mtaambiwa.

Basi naota niko kibandani, mchana kweupe, pedi ya kuchezea mkononi, nimeshamfunga fundi Semboja mabao saba bila. Semboja anaweka pedi chini, anainuka, anapisha. Ndiyo kanuni ya kibanda, nimeiandika mwenyewe ukutani kwa rangi nyekundu: anayefungwa anapisha, mshindi anabaki. Anakuja mwingine, namfunga. Anakuja wa tatu, naye namfunga. Mwisho nasikia njaa, nataka nikale.

Siinuki.

Najaribu tena. Makalio hayataki kuachana na benchi. Naangalia chini, na benchi nalo linaniangalia.

"Unakwenda wapi?" linauliza.

"Kula."

"Umeshinda," linasema benchi, kwa sauti ya karani wa serikali ya mtaa. "Mshindi anabaki. Mwandiko si wako?"

Mwandiko ni wangu. Nabaki.

Ndevu zinaota. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni wanaoa, wanaleta watoto wao nao wachungulie. Mama anapata habari, anakuja na bakuli la wali, ananilisha kwa kijiko mbele za watu huku akinisihi nijitahidi kufungwa. Nami najitahidi, wallahi. Nacheza nimefumba macho. Nacheza kwa vidole vya miguu. Mpira unagonga mwamba, unamgonga kipa wao mgongoni, unaingia. Watu hawashangilii tena, wanapiga miayo.

Ndipo mshambuliaji wangu anapotoka kwenye runinga. Kimo chake ni kama kidole gumba. Anateremka kwa waya, anakaa gotini pangu, anavua viatu na kuvikung'uta nyasi.

"Bosi, tumechoka," anasema. "Mechi ileile, uwanja uleule, bao lilelile la kona. Kama unataka kutoka hapa, fungua droo."

Nilijua kilichomo kwenye droo ile.

Mwantumu ni binti wa mjomba wangu. Sisi ni watani, tangu utotoni hatujawahi kusalimiana bila tusi. Miaka miwili amejifungia na laptopu yake akitengeneza gemu ndogo, peke yake, michoro yake, sauti zake, hata mlio wa kuku ameutoa yeye. Gemu yenyewe ni hivi: jua linazama, kuku mmoja wa bibi hajarudi bandani, wewe umtafute ukamlaze. Basi. Hamna mabao, hamna bunduki, hamna saa inayokimbia. Aliniletea kwenye flashi aliyoifunga utepe wa kijani kama zawadi ya harusi, akaniomba wateja waijaribu. Nikamuuliza nani ataacha mpira aje kuhangaika na kuku wakati kwao wapo. Kibanda kizima kilicheka. Yeye hakucheka, na hilo si kawaida ya watani. Nikaitia kwenye droo.

Majuzi akanitumia ujumbe kwamba Ijumaa baada ya swala anaifuta gemu yake, na laptopu anampa kaka yake. Kitu ambacho hakuna aliyekifungua, alisema, ni sawa na hakijatengenezwa. Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Sasa rudini ndotoni. Droo iko mbali na mimi nimenasa, lakini mkono unarefuka bila kuulizwa, unapita juu ya kichwa cha Semboja, unafungua, unafungua na utepe, unachomeka flashi. Kibanda kinaondoka zake. Mimi na benchi tunabaki uani kwa bibi, jua la magharibi, ardhi imepakwa penseli ya rangi. Kando ya kisima amesimama kuku mwekundu, mguu mmoja juu.

Najisemea, kuku mmoja tu, huyu sasa hivi yumo ndani. Nabonyeza kukimbia, benchi linakimbia nami. Kuku anasogea. Nabonyeza kukimbia zaidi, kuku yuko juu ya paa. Mazoea yana taabu: nabonyeza kupiga shuti, na ndoo ya bibi inaruka, inavunja mtungi. Kuku anakunja mabawa.

"Wewe ndiye bingwa?" anauliza.

"Ndiye mimi."

"Na kwenu kuku wa magharibi hufukuzwa?"

Kwetu hafukuzwi. Aliyelelewa na bibi anajua: unachuchumaa, unarusha punje za mtama, unaita, unasubiri. Natafuta kitufe cha kusubiri. Pedi inaniambia haina kitufe hicho, bora niiweke chini ipumzike. Naiweka chini. Naita, krukrukru, kisha nasubiri.

Tangu nizaliwe sijawahi kusubiri kitu ndani ya gemu. Lakini kadiri ninavyosubiri ndivyo mambo yanavyojitokeza. Bibi anaimba jikoni na kukosea maneno. Moshi unapanda umepinda. Kivuli cha mpapai kinatembea taratibu mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu, kinasimama hapo. Nikaona raha, jamani. Bao la dakika ya mwisho halijawahi kunipa raha kama ile, na mabao hayo nimeyafunga mengi.

Kuku anashuka. Anadonoa mtama, anapita mbele yangu kwa maringo mpaka bandani. Pale mlangoni anasimama.

"Ingia basi," nasema.

"Niingie wapi? Huu mlango umechorwa tu. Binamu yako alisahau kuufungua."

Nanyoosha mkono, nagonga. Ni kweli, ni ukuta mtupu.

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie kwa mdomo gani? Tangu anichore, wewe ndiye mtu wa kwanza kuja."

Jua linazama. Bibi anafunga jiko. Kuku yuko nje na mimi nimeshindwa kumlaza.

"Umefungwa," linasema benchi. "Pisha."

Likaniachia. Nikainuka kwa nguvu zote, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba changu, kumekucha, shuka liko shingoni.

Sikunawa hata uso. Nilikwenda kibandani, nikafungua droo. Flashi ipo, utepe wa kijani umefungwa vilevile, fundo la Mwantumu halijaguswa na mtu. Nikiwa nimeishika mkononi nikampigia simu. Aliitika kwa sauti ya mtu asiyetaka utani. Nikamwambia asifute kwanza, akauliza kwa lipi. Nikamwambia banda la kuku halina mlango, ameuchora tu.

Nikasikia vitufe vya laptopu vikigongwa. Akasema ni kweli, haufunguki, hata yeye hakuwahi kuliona hilo. Akataka kujua gemu nimeifungua lini. Nikautazama utepe, nikamwambia bado sijaifungua.

"Sasa nani kakwambia?"

"Kuku."

Nilitega sikio nikisubiri tusi, ndiyo desturi yetu. Halikuja.

"Amekasirika?" akauliza.

"Hana hasira. Amechoka kusimama nje."

Nikamsikia akivuta kamasi. Akaniomba nimvumilie mpaka swala, anatengeneza mlango. Nikamwambia atengeneze mpana, kuku wake ana maringo. Hapo ndipo akanitukana, na mimi nikamshukuru Mungu.

Baadaye Semboja akaja kudai marudiano. Nikamsogezea benchi, nikampa pedi. Nikamwambia mpira leo hamna, kuna kuku mmoja hajalala.