Njia ya Mchanga ya Feza

Sikutafuta gofu. Nilitafuta kazi ya kufagia. Bwana wangu Médard, sajenti, aliugua figo akafa, nami nikabaki hapa kambini Kamina katika kanyumba walikoniachia kwa huruma. Yav, mwanajeshi wa cheo cha ajida anayesimamia michezo ya maofisa, akanipa kutunza kiwanja cha gofu cha mashimo sita.

Kwetu tundu la kuingizia mpira halizungukwi na majani laini kama kule Lubumbashi. Linazungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya injini, mweusi, mzito, usiopeperuka. Ukikanyaga, nyayo zinabaki. Kwa hiyo kabla mtu hajausukuma mpira kwenda tunduni, inabidi gunia lililopigiliwa kwenye kipande cha ubao livutwe kutoka mpira ulipo mpaka tunduni, ili njia iwe sawa. Na desturi yetu ilikuwa hii: hujivutii mwenyewe. Unayeshindana naye ndiye anayekuvutia njia yako, na wewe unamvutia yake. Ajida Yav alijivunia jambo hilo. Alisema mahali pengine hawathubutu.

Mwaka mzima nilifagia nikiangalia wanavyocheza. Mimi ni mtu wa kuangalia. Marehemu alizoea kusema macho yangu hayana sikukuu. Siku moja Ajida akanikuta nimesimama na fimbo ya gofu mkononi.

"Mama Mbombo, piga basi. Mupira haiume."

Nikapiga. Mpira haukusogea. Bonge la udongo likaruka mpaka kwenye kiatu chake.

"Unalima muhogo?" akauliza. "Hii udongo ni ya serikali, Mama. Utuachie kidogo."

Ndivyo nilivyoanza, nikiwa na miaka hamsini na mbili. Feza alianza wiki ileile. Ni mke wa Kaporali Chadrack, anauza samaki wakavu wa Bukama pale mlangoni mwa kambi, na umri wake ni wa kuwa binti yangu. Yeye alipiga mbali tangu siku ya kwanza, lakini mpira ulikwenda unakotaka wenyewe. Mimi nilicheza na liputa yangu, kitenge nilichojifunga, sikuweza kupanua miguu, basi mapigo yangu yakawa mafupi na yamenyooka. Yeye akanifundisha kulegeza mikono. Mimi nikamfundisha kutoinua kichwa kabla mpira haujaondoka, jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miezi minne. Jioni baada ya kazi tuliweka mipira kumi kuzunguka tundu, na hakuna aliyeenda nyumbani mpaka yote kumi iingie mfululizo. Ikishindwa ya tisa, tunaanza upya. Ndivyo tulivyotoka mapigo hamsini hadi thelathini na mawili kwa mashimo sita.

Kanisani wakaanza kunong'ona kwamba nacheza na askari. Mama Bibiche akaniuliza waziwazi:

"Mujane anapiga mupira na basoda?"

"Napiga mupira," nikamjibu. "Basoda sibapige."

Wakacheka, yakaisha. Walinijua. Ni mimi ninayeongoza sala ya toba kila Alhamisi kwenye maombi ya wanawake.

Kisha ikaja habari ya mashindano ya Lubumbashi. Ajida Yav alikuwa na nafasi moja tu ya mwanamke, akasema mimi na Feza tucheze, atakayeshinda apande treni. Feza alikosa usingizi kwa furaha. Mama yake yuko Katuba, hukohuko Lubumbashi, mguu umevimba, na miaka minne hawajaonana.

"Nikienda, nitamuosha ule muguu na mikono yangu," aliniambia. "Gofu ni sababu tu."

Mimi sikuwa na mgonjwa Lubumbashi. Nilitaka kuona yale majani laini. Nilitaka pia jina langu lisomwe mbele ya watu, si la mjane wa fulani, langu. Ni vizuri niandike hivyo, maana nikiandika vingine nitaongeza uongo juu ya kosa.

Tulicheza Jumamosi asubuhi. Mpaka tunafika shimo la sita tulikuwa sawasawa. Mpira wa Feza ulisimama hatua mbili kutoka tunduni. Mara mia alikuwa ameusukuma mpira wa hapo ukaingia. Wangu ulikuwa karibu zaidi kidogo. Ajida akasema Feza atangulie, maana mpira wa mbali ndio hutangulia.

Nikamvutia njia. Karibu na tundu kona ya gunia ilijikunja chini ya ubao, ikaacha kituta chembamba kama uzi, mkono mmoja kutoka tunduni. Hilo sikulikusudia, Mungu anajua. Lakini nilikiona. Kuvuta tena kunaruhusiwa. Ni kazi ya pumzi moja. Nikaweka gunia chini.

"Tayari," nikasema.

Feza aliinama, akatulia muda mrefu. Akapiga. Mpira ukaenda umenyooka mpaka kwenye ule uzi, ukalalia kushoto, ukasimama ukingoni. Akanivutia njia yangu. Alivuta mara mbili, polepole, akaondoa hata kijiti kimoja. Nikaingiza, nikashinda kwa pigo moja.

Wakati Ajida ananipa mkono, mimi nilishashika gunia. Nikapitisha mchangani haraka, kama mtu anayefanya kazi yake, na kituta hakikuwepo tena.

Alhamisi nikasimama mbele ya wanawake kuongoza toba. Nilisema maneno yaleyale ya kila wiki, ila niliyakimbiza. Mama Bibiche akaitika amina kwa sauti, na ile amina ikanichoma. Usiku nikapiga magoti, asubuhi nikapiga magoti. Nilimwambia Mungu yote, hata upande kituta kilipokaa. Lakini si Mungu aliyenyimwa kwenda kwa mama yake. Jumatatu, siku mbili kabla ya treni, nikaenda kwa Feza.

Alikuwa anapanga samaki juu ya mkeka. Akanisogezea kiti.

"Feza, niko na neno. Ile siku, pa shimo ya sita, gunia ilijikunja. Ikaacha kitu pa njia yako. Minyi niliona."

Hakuinua macho. Akageuza samaki mmoja, akamgeuza mwingine.

"Karibu na tundu," akasema. "Kwa kushoto."

"Uliona?"

"Niko na macho vilevile, Mama. Niliona mbele ya kupiga. Nikangojea. Nikasema, Mama Mbombo anaonaka kila kitu, sasa hivi atavuta tena. Weye ukasema tayari."

"Ju ya nini haukusema?"

"Niseme nini? Niseme kwa Ajida kama mama wa maombi ananiibia? Nani angeniamini?" Akafuta mikono kwenye liputa yake. "Nilipiga ju nilijisemea, labda macho yangu njo inakosea. Haiwezi kuwa ya Mama Mbombo."

Nikaomba msamaha. Alisema, "Nimesikia." Sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwa Ajida Yav. Alikuwa na maofisa wawili. Nikamwambia mbele yao, maana nilijijua: kama ningengoja abaki peke yake, ningepata sababu ya kurudi nyumbani.

"Karatasi ya mashindano imekwisha kusainiwa, Mama," akasema.

"Hata kama. Minyi siendi. Andika Feza."

Alivua kofia, akaitazama ndani kama mtu aliyeangusha kitu humo. "Na minyi kila mugeni akifika hapa, namuonyesha namna munavutiana," akasema. Afadhali angenifokea.

Feza akapanda treni. Kwenye mashindano alikuwa wa kumi na tisa. Mguu wa mama yake aliuosha siku tano. Hayo niliyasikia kwa Chadrack.

Aliporudi alikuja kiwanjani Jumamosi kama zamani, akanisalimia kwa heshima, akauliza afya yangu. Tulicheza shimo la kwanza. Mpira wake ukakaa mchangani, nami nikainama kuchukua gunia. Mkono wake ulifika mbele ya wangu.

"Acha, Mama. Nitajivutia."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemzuia mgeni asioshe vyombo. Ajida Yav alikuwa amesimama karibu.

"Tangu lini tunafanya vile?" akauliza.

"Tangu leo," Feza akasema.

Ajida akanitazama, kisha akatazama pembeni. Feza akavuta njia yake, akapiga, ukaingia. Halafu akanikabidhi gunia, kwa mikono miwili, nami nikaanza kuvuta yangu.