Madirisha ya Chumba cha Gundi

Chiriku alianguka kifudifudi juu ya godoro ambalo gundi yake ilikuwa bado mbichi, na shavu likanata. Ilibidi wenzake wamnasue polepole, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda.

Chuma alifika mbio, viatu vya kisigino mkononi. Jina hilo la Chuma alipewa katika chumba hikihiki cha gundi, enzi akipaka gundi bega kwa bega na Chiriku. Sasa alikuwa Mkurugenzi wa Uzalishaji, mtu wa kwanza kutoka chini kupanda hadi ghorofa ya wakubwa.

"Nani kafunga haya madirisha?"

Wanawake wakatazamana. "Yamepigiliwa misumari, bosi," mmoja akasema. "Eti upepo ukiingia, gundi inakauka kabla haijashika."

Akamwita seremala. Misumari iling'olewa, hewa ikaingia, na wanawake wakajazana dirishani wakihema kwa vinywa wazi. Siku zilizofuata walifanya kazi huku wakiimba. Lakini sponji zikaanza kubanduka, na malori ya wateja yakapanga foleni getini.

Mwenyekiti wa kampuni akamwita Chuma ofisini. Hakupaza sauti. Alimmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu, unajua nilivyogombana na watu ili upandishwe? Walisema moyo wako utabaki kulekule chini."

"Mzee, watu wanaanguka. Nipe feni za kuvuta hewa, basi."

"Zitakuja, kiwanda cha pili kikishafunguliwa. Kampuni ndiyo inakua, tusiikabe koo."

"Na Chiriku?"

"Daktari wetu anasema ni uchovu. Umri nao." Akamsogezea sukari. "Ukiyaacha madirisha wazi, kiti chako nitampa mwingine, na huyo hatajua hata majina yao. Wala hatapandishwa tena mtu kutoka kule, maana nitawaambia nini wenzangu? Lakini mimi sikulazimishi. Mkurugenzi ni wewe."

Chuma aliinywa ile chai hadi tone la mwisho, kwa kuwa hakujua mikono aiweke wapi. Akajiambia: nikibaki, feni zitakuja, nikiondoka, nani atazidai?

Mchana seremala alirudi na nyundo. Aliuweka msumari wa kwanza mahali pake, kisha akamtazama Chuma, labda atabadili neno.

"Piga," Chuma akasema.

Hakuna mwanamke aliyeinua kichwa.

Chiriku hakurudi kazini. Kifua kilimbana hata akawa anapumzika katikati ya kufagia chumba chake kimoja. Chuma alimtumia matunda kwa dereva. Kwenda mwenyewe alishindwa, kila wiki akijipa udhuru mpya. Kiwanda cha pili kikafunguliwa kwa hotuba na zulia jekundu. Mwenyekiti alimshika Chuma mkono, akamwinua mbele ya wageni na kusema, "Huyu hapa! Nani atasema kwetu mtu hapandi?" Makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Chuma alipouliza habari za feni, aliambiwa avute subira: cha tatu kilikuwa kwenye msingi.

Asubuhi moja akiwa anakagua kiwanda, msichana mwenye ovaroli yenye mikunjo ya dukani alimkimbilia. Alifanana na Chiriku hadi mwendo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Wewe unafanya nini huku?"

"Nimeanza leo, chumba cha gundi. Nimepewa nafasi ya mama." Alikuwa akitabasamu. "Kaniagiza nije nikushukuru kabla sijagusa kazi. Anasema bila wewe kuwa huko juu, sisi nani angetukumbuka?"

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo tu. Siku hizi analala amekaa." Msichana akainamisha kichwa, akashusha sauti. "Mama mkubwa, na mdogo wangu naye anaomba. Nafasi nyingine ikipatikana."

Kengele ya zamu ikalia. Msichana akaomba radhi, akaingia chumbani, kisha akageuka na kuuvuta mlango kwa mikono yote miwili hadi ukabana vizuri, kama alivyofundishwa.