Mahindi ya Watu Wawili

Mwaka wa 2009 intaneti ya Bungoma ilikuwa mzee kuliko mimi, na mimi nilikuwa nimeshastaafu. Ukituma barua pepe Kitale, ungeweza kupanda baiskeli, ufike kabla yake, unywe chai, kisha muipokee pamoja. Anayebisha aende akaiulize baiskeli yangu.

Hata hivyo, kila Jumamosi mimi, kuka yake, yaani babu, nilimpeleka mjukuu wangu Nasike kwenye saiba, duka la kompyuta za kulipia, karibu na soko. Mamake alimleta kwetu Kabuchai, kisha akarudi Kibomet, huko Kitale, kufanya vibarua. Watoto wa jirani walimwita Mkitale, wakacheza nyuma ya miwa bila yeye. Rafiki yake pekee, Kipkemei, alibaki Kibomet. Sasa walikutana ndani ya kompyuta, kwenye mchezo wa shamba moja la watu wawili. Mmoja akijiondoa kabisa, shamba hufungwa.

Siku moja mahindi ya mchezo yakabeba. Nasike akayachuma mabichi, kama tufanyavyo Kabuchai; hapa hindi la kuchoma halingoji mtu. Kipkemei akakuta mabua matupu. Kwao Kitale mahindi hukaukia shambani hadi maganda yalie kama karatasi. Maneno yake yakatokea chini ya kioo:

"Mahindi mabichi huchumwa na mwizi. Wewe umeshakuwa mtu wa huko."

Nikaona uso wa mtoto ukizima. Kwetu ni Mkitale, na sasa Kitale nayo imemkana. Akamwandikia kwamba anayengoja ndiye mjinga. Kipkemei akatoka mtandaoni, ila shamba hakulifunga.

Jumamosi iliyofuata Kipkemei hakuingia. Nikamwambia Nasike jinsi nilivyowahi kupatanisha fahali wawili wa Mlima Elgon kwa kuwafunga mkia kwa mkia. Hakucheka. Alipanda upya, akaweka ua wa kugawa shamba katikati. Upande wake akavuna. Upande wa Kipkemei hakuugusa, ingawa alama nyekundu iliwaka kuonya kwamba mahindi yanaharibika.

"Vuna bana, si yanakufa," nikamwambia.

"Si yangu, kuka. Sijamuuliza."

Yakafa. Mchezo ule haukujua kukausha mahindi. Ulijua kuyaozesha tu.

Kipkemei alipoingia tena, akakuta upande wake mweusi. Akauliza kwa nini hakuyaokoa. Nasike akamjibu vile alivyonijibu mimi. Kipkemei akaandika:

"Nilidhani ukivuna bila mimi, hunihitaji."

"Kwani mimi hucheza na nani mwingine?"

Wakang'oa ua. Wakapatana kwamba mmoja atapanda, mwingine atamwagilia, na hakuna kuvuna hadi wote wawili wawepo.

Mahindi yaliyofuata yalikomaa siku ambayo stima zilipotea Kitale, na bila umeme Kipkemei hakuweza kuingia. Nasike alikaa mkono kwenye mausi ya kompyuta, akitazama alama ikiwa nyekundu. Mwenye saiba akamhimiza avune, ati ni ya bure. Alikataa kwa kichwa. Shamba lilipokuwa jeusi lote, akaandika: "Yamekufa. Nilikungoja."

Jumamosi iliyofuata tulipofungua kompyuta, Kipkemei hakuwepo. Lakini shamba lilikuwa limelimwa lote, nusu imeshapandwa, na nusu ya pili Kipkemei ameiachia Nasike wazi, mbegu kando yake.

Nasike akaanza kupanda, shimo moja moja, polepole sana, asiimalize kabla Kipkemei hajaingia.