Kidole Kwenye Mdomo wa Pampu

Dereva aliingiza gia, akakanyaga mafuta, na basi dogo la shule likanguruma kwa hasira pale pale liliposimama, uani mwa gereji. Halikusogea hata unyayo. Wasichana kumi na wawili waliokwisha kupanda, jezi za njano mwilini na mabegi mapajani, wakaguna kwa pamoja.

"Jamani, limegoma!" alipiga yowe nahodha wao, msichana mrefu waliyemwita Twiga. "Na fainali yetu je?"

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Fainali ya netiboli, ya kwanza tangu shule yao ijengwe, ilikuwa ichezwe saa tisa katika mji wa jirani, mwendo wa saa mbili. Timu isiyofika saa nane ingehesabiwa imeshindwa. Basi lilikuwa limeletwa gereji jana kubadilishwa mafuta na filta ya gia boksi, ile inayojibadilisha yenyewe. Kazi ndogo tu.

Fundi mkuu, mzee mwenye ovaroli iliyofuliwa mpaka ikapauka, alilizunguka basi mara mbili. "Pampu imekufa," akasema. "Gia boksi lazima ishuke. Siku tatu."

"Siku tatu!" dereva alishika kichwa. "Mzee wangu, si bora ungenipiga kofi?"

Binti wa mzee, aliyefanya kazi na baba yake tangu amalize chuo cha ufundi, alisogea kwenye injini. Alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakitazama kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa na povu kama maji ya kufulia.

"Baba, tazama. Pampu iliyokufa haitoi povu. Hii iko hai, ila inavuta hewa. Labda pale filta inapoingia kwenye pampu..."

Filta ile aliiweka baba. Kila filta iliyopita gereji hii kwa miaka thelathini aliiweka yeye, peke yake, bila tochi, macho ameyafumba. Hii ni kazi ya vidole, alikuwa akisema, macho yanadanganya. Mafundi wengine walikuja kumtazama kama wanaotazama mazingaombwe.

"Filta niliiweka mwenyewe," alisema mzee.

"Najua, Baba."

"Basi?"

"Basi niruhusu nishushe sampu tu. Nusu saa. Nikikosea, nitakufulia ovaroli mwaka mzima."

"Mwaka mzima!" alidakia dereva. "Kubali haraka, mzee, kabla hajajuta!"

Wasichana wakaangua kicheko. Mzee hakucheka, lakini aliokota spana ya kumi, akampa.

Wakalisukuma basi juu ya shimo la gereji, Twiga akiimba na wenzake wakiitikia. Binti alishuka shimoni na tochi mdomoni. Alilegeza moja moja bolti za sampu, bakuli la mafuta chini ya gia boksi, akaacha mafuta yamiminike kwenye beseni. Filta ilikuwa juu, shingo yake imeingia kwenye mdomo wa pampu. Aliivuta kidogo tu, ikamwangukia mkononi. Filta iliyokaa sawasawa haitoki kirahisi hivyo.

Mpira mwembamba wa shingoni, wa kuzuia hewa, ulikuwepo, mpya, mzima. Kwa hiyo si huo. Alitumbukiza kidole kidogo ndani ya mdomo wa pampu, akakizungusha polepole. Chuma laini, chuma laini, halafu ngazi. Ngazi ndogo, isiyo ngumu kama chuma, imezunguka mdomo mzima.

Mpira wa zamani. Ulikuwa umebaki ndani, umeganda, na ule mpya ulikuwa umeishia mlangoni.

Alitaka kupiga kelele kwa furaha. Kisha akakumbuka ni mkono wa nani uliouacha pale. Angeweza kuung'oa kimyakimya, kuutia mfukoni, kusema bolti ililegea. Nani angejua?

"Umeona nini?" sauti ya baba iliuliza. Alikuwa amekwisha kushuka shimoni, amesimama bega kwa bega naye.

Hakuweza kumdanganya. "Weka kidole hapa, Baba."

Mzee alifumba macho, akaingiza kidole. Akakizungusha. Akakizungusha tena. Kilikuwa kidole chenye ngozi ngumu kama soli, kimeungua mara nyingi kwenye injini za watu.

"Sisikii kitu," alisema kwa sauti ndogo.

Binti akammulikia kwa tochi. Mzee akafumbua macho, akainua uso, akauona mpira wa zamani. Kisha akageuka, akapaza sauti mpaka juu:

"Dereva! Pampu ni nzima! Kosa ni la mkono wangu, si la basi lako! Wape watoto maji wanywe, mnaondoka leo!"

Juu kulilipuka vifijo.

"Haya, mama," alimwambia bintiye, na sasa alikuwa anatabasamu. "Ung'oe. Taratibu, usikwaruze chuma, ukikikwaruza kitavuta hewa milele. Tochi nashika mimi."

Mpira wa zamani ulitoka kwa ncha ya waya iliyopindwa, mweusi, mgumu kama kucha. Binti alisafisha mdomo wa pampu kwa kitambaa, akaupaka mpira mpya mafuta safi, akailenga shingo ya filta humo.

"Usigonge," baba alinong'ona. "Sukuma wima kwa kiganja. Inagoma kidogo... halafu inakubali."

Iligoma. Akasukuma. Ikakubali, na wote wawili wakasema "Ehee!" kwa mpigo mmoja.

Sampu ikarudi, mafuta mapya yakamiminwa kwa faneli, Twiga akitangaza saa kila dakika kama redio. Saa sita kasoro dakika saba dereva aliwasha injini, akapitisha gia zote taratibu, akaachia breki.

Basi likasogea. Wasichana walipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwenye bati la gereji.

"Kombe tutalipitisha hapa, Dada Fundi!" Twiga alipaza sauti, nusu mwili nje ya dirisha.

"Ingia ndani wewe, utaacha shingo kwenye nguzo!" alijibu mzee.

Walitoka wote wawili hadi barabarani, mikono inanuka mafuta, wakasimama wakisikiliza basi likipanda kilima.

"Gia ya pili," alisema binti.

"Ngoja," alisema baba, amemshika mkono. "Ngoja... ya tatu! Umeisikia ilivyoingia?"