Kocha Alivyomjibia Nafula

Kamande alicheza raga ya ligi, ile ya wachezaji kumi na watatu, miaka kumi na moja, akatoka na goti bovu na kichwa kisichoaminika. Mchana alisafirisha mizigo ya watu kutoka ofisi moja jengo la Tianxiu mjini Guangzhou, China, na siku nyingine akishuka lifti alisahau aende kushoto au kulia. Hakumwambia mtu. Jioni alifundisha timu ya wanawake, wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na uwanjani hakusahau kitu.

Jumamosi hiyo walikuwa kumi na watatu kamili, hakuna wa akiba. Chuo kilishasema wazi: wakishindwa, uwanja wanapewa wengine. Zilibaki dakika kumi na mbili, wanaongoza kwa pointi mbili, Nafula alipojitupa kumwangusha mpinzani, goti likampata kichwani.

Alikaa kwenye nyasi akicheka peke yake.

Daktari wa mechi, mama wa Kichina mwenye miwani, akachuchumaa mbele yake. Nafula alikuwa na miezi mitatu tu Guangzhou. Kichina chake kilitosha kununua mboga. Ikabidi Kamande atafsiri.

"Anauliza tuko wapi."

"Kocha nawe! Si Kakamega?"

Wenzake wakacheka. Kamande hakucheka. Aliyaona macho yake, hayakutulia popote.

"Amesema Guangzhou," akamwambia daktari. Kisha kwa Nafula: "Nani anaongoza?"

"Nipishe nilale, bana."

"Amesema sisi, kwa pointi mbili."

Lilimtoka bila kufikiri. Enzi zake ndivyo walivyoishi: ukigongwa, mwenzako anakujibia, na siku yake ikifika unamjibia. Waliuita udugu.

Daktari alimtazama kidogo, akatia sahihi fomu ya kumruhusu Nafula aendelee kucheza.

Dakika tatu baadaye Nafula alidaka pasi. Hakuna aliyemgusa. Alipiga magoti, akalala kifudifudi, mpira ukabingirika wenyewe hadi nje ya mstari.

Hospitalini walimpeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Rozina, nahodha, Mtanzania wa mwaka wa nne wa udaktari, akamfuata Kamande ukutani, jezi ina matope.

"Damu imevujia ndani ya kichwa, Kocha."

"Atapona. Yule msichana mgumu."

"Usiniletee habari za ugumu. Sisi tunasoma kwa Kichina, mpaka mitihani. Ulidhani hatukuelewi?"

Kamande akageuka kumtazama.

"Tulisikia wote. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, na dalili zile nimezisoma. Nikaangalia saa, nikaona zimebaki dakika chache."

Daktari wa upasuaji akatoka na karatasi. Akauliza kama mgonjwa alikuwa anajitambua baada ya kugongwa.

"Hapana," Kamande akasema kwa Kichina. Akarudia maneno ya Nafula yote, moja moja.

Daktari aliandika, kisha kalamu ikasimama. "Sasa nani aliyemrudisha uwanjani?"

"Mimi."

"Na mimi," akasema Rozina.

Daktari aliandika majina yote mawili, akarudi ndani.