Kiwiko Mlangoni

Kazi ya redio, enzi zile za foleni na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, haikuwa ya kuokotwa. Candida alikuwa ameisaka tangu amalize shule, na mama yake, Theopista, muuza ndizi sokoni Kariakoo, alishachoka kuwaambia wateja kwamba binti yuko mbioni. Basi Bwana Bakili, mkubwa wa michezo ya redio, alipomwambia, "Niandikie mchezo mmoja wa kujaribu, ukiwashika watu kazi ni yako," msichana alirudi Mtaa wa Sikukuu haoni hata njia kwa furaha.

Akaandika kilichokuwa karibu. Masikini, kilichokuwa karibu ni Kasmir.

Kasmir, kaka yake, alikwenda vitani Uganda. Wenzake wakarudi, yeye hakurudi, wala maiti yake. Zamani, akitoka sokoni na mikungu ya ndizi, alikuwa anabisha kwa kiwiko, mara mbili, kisha: "Mama, fungua, mikono imejaa." Candida aliyatia yote kwenye mchezo: askari aliyepotea, mlango, kiwiko, maneno yaleyale. Alijua anachukua cha nani? Alijua sana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijiambia, akainama.

Sasa, kwao Kilimanjaro, mtu akipotea bila maiti, ukoo humzikia kipande cha mgomba kihambani, kwenye shamba la ukoo, ili atulie, asiendelee kutangatanga. Theopista alikuwa amekataa, amekataa, mpaka juzijuzi tu alipokubali kwamba Desemba atapanda huko mlimani na kaka yake Anselmi wakauzike.

Jioni ya mchezo, wapangaji wote walikaa uani mbele ya redio ya Bi Sitara, mwenye nyumba. Candida mwenyewe ndiye aliyewatangazia mtaa mzima. Kiwiko kikagonga. "Mama, fungua, mikono imejaa."

Theopista akainuka. Akapita katikati ya watu, akashika ukumbi, akafungua mlango wa mbele, akasimama pale akitazama barabara. Hakuna aliyecheka.

"Mama Kasmir," Bi Sitara akamwita taratibu, "hiyo ni redio, mwenzangu."

Aliyeambiwa hakugeuka.

Kuanzia siku hiyo mlango ule haukutiwa komeo. Kila jioni sahani ya Kasmir ilipakuliwa, ikafunikwa. Mjomba Anselmi alipokuja kupanga safari, alijibiwa mlangoni: "Nizike mgomba, na mwanangu anabisha? Kazike wa kwako." Akaondoka na kofia yake mkononi.

Kule redioni Bwana Bakili alikuwa anakenua tu. "Watu wanauliza kama ataingia. Asiingie. Abishe kila wiki, awe nje vilevile. Kazi umepata, binti."

Candida alifurahi, tuseme ukweli. Alifurahi njia nzima, Mnazi Mmoja akaivuka kama anaelea. Akamkuta mama yake anachambua mchele.

"Wiki ijayo atasema nini?" Theopista akauliza, kama mtu anayeulizia habari za aliye safarini.

Furaha yote ikamtoka Candida. Akaogopa, akaona aibu, na palepale akaketi kuandika sehemu ya pili. Katika hiyo, mama wa redioni anasikia kiwiko, anasogea mpaka mlangoni, lakini hafungui. Anasema: "Tua mzigo, mwanangu. Tumekuzikia mgomba. Pumzika."

Bwana Bakili aliisoma, akavua miwani. "Ukimzika huyu, umezika na kazi."

"Najua, mzee."

"Sina cha kujazia, kwa hiyo itapita. Lakini huku kwenye michezo usirudi." Akamtazama. "Una mkono wa kuzika wewe. Kwenye matangazo ya vifo hawana mwandishi. Jumatatu kaanze huko."

Ndivyo Candida alivyopata kazi yake ya kwanza.

Mchezo ulipita. Kiwiko, mara mbili. Mikono imejaa. Halafu sauti ya mama wa redioni: "Tua mzigo, mwanangu." Theopista akalia, kilio cha sauti, ambacho hakuwahi kukilia tangu vita viishe, na Bi Sitara akamshika mpaka kikaisha. Kisha akanawa uso. Akaenda akafunga mlango, akatia komeo. Akafunua sahani ya Kasmir, akaanza kula mwenyewe.

"Mwambie mjomba wako," alisema, "Desemba tunapanda."

Bi Sitara akazima redio. Uani kukawa na sauti ya kijiko tu.

Ndipo mlango ukagongwa. Kwa kiwiko, mara mbili.

Theopista aliendelea kula. Bi Sitara alikuwa anafunika redio yake na kitambaa, hata kichwa hakuinua. Candida akawatazama, akangoja wasikie. Hawakusikia. Kiwiko kikagonga tena.

Akainuka, na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Alivuta komeo, akanyoosha mikono kupokea mzigo kabla hata mlango haujafunguka.